“Ni Ngazi Tatu Tu”: Hoteli, Kitimwendo na Maana ya Kujitegemea

Nikisafiri kikazi, saa kumi jioni naacha kunywa maji. Sijafunga, wala hakuna daktari aliyenishauri hivyo. Natumia kitimwendo, na safari zimenifundisha kwamba choo cha chumba nitakacholala huenda kikawa hakiingiliki.

Somo hilo nililipata Dodoma, katika nyumba moja ya wageni iliyonihakikishia kwa simu kwamba chumba changu “kipo chini, dada, hakina shida”. Kweli kilikuwa chini. Ila mlangoni palikuwa na ngazi tatu, na mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti changu. Kila nilipobanwa ilinibidi nipige simu mapokezi waje vijana wawili kunibeba. Saa nane usiku nilipiga. Ikaita mpaka ikakata.

Kijana aliyepokea simu yangu ya kwanza hakunidanganya. Nilimwuliza kama chumba kinamfaa mtu wa kitimwendo, naye akajibu kwa kadiri alivyoelewa swali: mtu asiyetembea hapandi ghorofani, basi apewe chumba cha chini. Mwenye nyumba angeulizwa swali hilohilo angeukumbuka mteremko wa zege aliomwaga fundi kando ya mlango wa jikoni. Tovuti za kukodi vyumba nazo zina kisanduku cha kutia alama ya vema, “panafaa watu wenye ulemavu”, na aghalabu anayeitia alama hiyo ni mwenye hoteli mwenyewe, ameketi ofisini, hana hata futikamba mkononi. Mimi nikisema “kinafaa” nakusudia jambo jingine: nitoke kwenye gari hadi kitandani, kitandani hadi chooni, chooni hadi kwenye chai ya asubuhi, bila kumwita mtu. Neno ni moja, na kila mmoja wetu anasema kweli yake.

Katika semina tunalipamba zaidi: “miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu”. Ni maneno matamu. Hayana kipimo hata kimoja ndani yake.

Mimi si peke yangu katika hili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Waongeze mzee mwenye magoti mabovu, mama aliyetoka kupata kiharusi, kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda wiki iliyopita. Wote hao wanahudhuria misiba, harusi, kesi, mikutano na matibabu ya mbali. Wote wanalala mahali.

Kutoka stendi hadi getini

Safari ya mtu mwenye ulemavu ni mnyororo, na mnyororo ukikatika pete moja, zile pete nzima hazikusaidii kitu. Chukua mtu anayetoka Dar es Salaam. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, viliinuliwa ili sakafu ya kituo ikaribie kulingana na sakafu ya basi. Hapo kitimwendo kinapita. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu 2024, na stesheni zake zina lifti. Ukishatoka nje ya stesheni unatafuta teksi, na hapo ndipo kizaazaa. Magari mengi ya Dar sasa yamefungwa mfumo wa gesi, na mtungi unakaa kwenye buti. Kiti changu kikae wapi? Hukunjwa kikapakatwa kwenye siti ya nyuma kama mtoto, magurudumu yakipaka vumbi viti vya mtu, dereva akikunja uso. Siku hizi ninapoagiza gari swali la kwanza huwa hilo: buti ina mtungi?

Getini unakuta changarawe. Kwa wanaotembea ni pambo. Kwa kitimwendo, magurudumu madogo ya mbele huzama na mtu akasukumika mbele kana kwamba amekanyaga breki ghafla. Ukivuka changarawe ndipo unazikuta zile ngazi ambazo kwenye simu hazikutajwa, au zilitajwa hivi: “Ni ngazi tatu tu.”

Tuzipime basi. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mwendo. Ngazi moja ya sm 15 inataka mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu, jumla ya sm 45, zinataka mita 5.4, urefu unaoizidi Land Cruiser. Sasa fundi akilaza ubao wa mita 2 juu ya ngazi hizohizo, amejenga kitu kinachopanda zaidi ya mara mbili na nusu ya kanuni. Ukijaribu kupanda peke yako, kiti kinainuka mbele na unarudi chali. Niliwahi kuonyeshwa ubao wa namna hiyo kwa fahari kubwa, na sikujua nishukuru au nilie.

Kisha mlango. Kiti changu kina upana wa sm 64, ukipima gurudumu hadi gurudumu, bado vidole vyangu. Kanuni za ujenzi za Marekani za mwaka 2010 zinataka uwazi usiopungua kama sm 81, na neno la kushika hapo ni “uwazi”. Fundi akikwambia mlango una sm 80, mara nyingi amepima fremu kwa nje. Toa unene wa fremu, toa ubao wa mlango ambao hata ukifunguliwa unaendelea kula nafasi, toa kitasa; umebaki na sm 70 na kitu. Tena huo ni mlango wa chumba. Wa bafu huwa mdogo zaidi, karibu kila nyumba niliyoingia, na nikiwauliza mafundi sababu jibu huwa lilelile: chooni hakuna anayepitisha kabati.

Bafuni ndiko kwenyewe

Ningelazimishwa kuchagua sehemu moja tu ya kutengeneza katika hoteli zote za Afrika Mashariki, ningechagua bafu. Nikikosa meza ya kuandikia, nitaandikia mapajani. Bila choo siku yote inaharibika, hata ile ya kesho.

Kikwazo cha kwanza ni kizingiti. Mabafu mengi yameinuliwa kwa sm 10 au zaidi kuliko sakafu ya chumba, na wageni hudhani ni urembo au ni kuzuia maji. Mara nyingi sababu ni mabomba. Mafundi huyalaza mabomba ya maji machafu juu ya zege badala ya kuyapitisha ndani yake au chini yake, kisha hujaza kifusi na kuweka vigae juu. Ndiyo maana ukishajenga kurekebisha ni taabu: kushusha sakafu ni kufumua mabomba yote. Wakati ramani ingali mezani, jambo hilohilo lingemalizwa kwa penseli.

Ukishavuka kizingiti unahitaji nafasi ya kugeuka, duara la kama mita 1.5. Bila hilo unaingia ukitazama mbele na kutoka kinyumenyume, na mlango huwezi kuufunga. Choo chenyewe kiwe cha kukaa, kimo cha kiti kati ya sm 43 na 48, karibu na kimo cha kitimwendo, ili mtu ajihamishe kwa kuteleza pembeni. Na pembeni pawe wazi, siyo ndoo, siyo kapu la taka, siyo ukuta. Vyuma vya kushikilia viwe kwenye sm 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Kanuni za Marekani zinataka viweze kubeba kama kilo 113. Nayataja haya kwa sababu ya chuma cha taulo. Mtu anayeteleza hushika chochote kilicho karibu, na chuma cha taulo kimeshikiliwa na skrubu mbili fupi kwenye kigae. Kinang’oka nacho, mnaanguka pamoja.

Mahali pa kuogea pasiwe na ukingo, na pawe na kiti. Hoteli nyingi, kwa nia njema, hukuletea kiti cha plastiki cha bustani. Sakafu ya vigae ikishalowa na sabuni, miguu ya kiti hicho hupanuka taratibu kama ya ndama aliyezaliwa leo, na aliyeumia uti wa mgongo hana misuli ya kiuno ya kumzuia asiende nacho. Kiti cha chuma chenye mpira kwenye miguu kinatosha. Hakihitaji kutoka Ulaya. Zaidi ya hapo ni maji moto. Shawa za umeme zinazochemsha maji papo hapo hubadilika ghafla presha ya maji ikishuka, na mtu asiye na hisia miguuni anaweza kuungua asijue mpaka aone malengelenge. Sisi tunayapima maji kwa kiwiko kabla ya kuyaachia miguuni.

Katika jambo moja Pwani tumewazidi Wazungu: lile bomba dogo la mkononi la kujisafishia kando ya choo. Kwa mtu asiyeweza kujipinda, bomba lile ni uhuru mtupu, na nikiwa nchi za watu ndilo la kwanza kulikumbuka. Tatizo ni pale fundi anapolifunga nyuma ya mgongo wa mtu.

Kitandani nako kuna yake. Kile kitanda cha samadari, cha nguzo nne na nakshi, ambacho hoteli za Zanzibar na Lamu hukiweka ili mgeni ajione sultani, ni kirefu kiasi kwamba vingine vina kigoda cha kupandia. Kuteleza kutoka kiti cha sm 50 kwenda godoro la sm 75 ni kupanda ukuta kwa mikono. Na hili si letu peke yetu. Wasafiri wa vitimwendo Marekani wanalalamika kwamba vitanda vya hoteli vimezidi kurefuka huku kanuni zao, pamoja na ukali wake wote, hazijaweka kimo cha kitanda. Tofauti ni kwamba sisi tunaongeza chandarua. Kikining’inia hadi chini kinaingia kwenye spoku za gurudumu, na nimeshakwama gizani nikiwa nimefungwa kama samaki, umeme umekatika, simu iko upande wa pili.

Umeme unanikumbusha lifti. Hoteli ina lifti, sawa. Jenereta yake inaiendesha lifti, au inawasha taa na friji tu? Wapokea wageni wengi hawajui mpaka waulizwe. Moto ukitokea lifti haipandwi hata umeme ukiwepo, kwa hiyo chumba cha ghorofa ya sita chenye mandhari ya bahari sikitamani sana.

“Usijali, tutakubeba”

Kwetu mgeni ni mfalme, na hakuna hoteli iliyowahi kuniacha barabarani. Wanakuja vijana wanne, wananyanyua, wanacheka, wanasema “pole dada”, wananiweka mezani. Ni ukarimu wa kweli, na kuukataa ni kuonekana mwenye kiburi. Ndiyo maana suala hili ni gumu kulieleza kuliko vipimo vya mlango.

Kwanza kuna usalama. Anayekubeba hashiki kiti palipo imara. Hushika pale mkono unapofika, yaani vishikio vya mikono au vya miguu, ambavyo katika viti vingi huchomoka. Kiti kinabaki mikononi mwake, wewe uko chini. Kumnyanyua mtu kwa makwapa nako kunaumiza mabega, na mabega ndiyo miguu yetu.

Halafu kuna heshima. Mfikirie mama wa Pwani aliyevaa buibui, anayenyanyuliwa na wanaume asiowajua mbele ya watu, mmoja ameshika mapaja. Mfikirie mzee ambaye vijana hao wangepaswa kumwamkia shikamoo, sasa amening’inia mikononi mwao kama gunia. Hakuna aliyemtukana, wala yeye halalamiki. Kesho yake tu unasikia amesema hajisikii kutoka chumbani, chai aletewe humohumo.

Chai yenyewe, aghalabu, iko juu ya paa. Sijui nani aliwaambia wenye hoteli wa Mji Mkongwe, Mombasa na Arusha kwamba mkate lazima uliwe karibu na mawingu, ila mgahawa wa paani umekuwa fasheni, na lifti, kama ipo, huishia ghorofa moja kabla. “Tutakuletea chumbani, bila malipo ya ziada.” Wamejitahidi. Wenzangu wa mkutano wanapanga mambo ya siku huko juu, mimi nasikiliza viti vikiburutwa kwenye dari.

Wengi hudhani kujitegemea maana yake ni kufanya kila kitu peke yako. Ingekuwa hivyo, mtu asiyeweza hata kushika kijiko asingekuwa na haki ya kulitamka neno hilo. Aliyelipindua wazo hili ni Mmarekani Ed Roberts, aliyepooza kwa polio kuanzia shingoni akiwa kijana na kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962, akalazwa kwenye wodi ya hospitali ya chuo kwa kuwa mabweni hayakuweza kuipokea mashine yake, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha huko kituo cha maisha ya kujitegemea. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeamua aamke saa ngapi, avae nini, aende wapi, na nani amsaidie vipi, anajitegemea hata kama kila tendo linafanywa na mikono ya mwingine.

Kwa kipimo hicho, mtu aliyesafiri na msaidizi wake, wakapewa vitanda viwili au vyumba viwili vyenye mlango kati, amejitegemea. Mimi niliyebebwa Dodoma na vijana wawili wenye upendo sikujitegemea, kwa sababu saa ya kwenda chooni waliipanga wao.

Hotelini jambo hili hushuka hadi kwenye vitu vidogo. Mhudumu akiniuliza “nikusaidie vipi?” kabla ya kukigusa kiti, ameniachia uamuzi. Akikishika na kukisukuma bila neno, ni sawa na kumshika mtu mkono na kumkokota. Na akimwuliza niliyefuatana naye “huyu atakula nini?”, basi hata mlango ungekuwa wa mita mbili nisingekuwa nimeingia.

Asiyeona na asiyesikia

Hoteli zikishajenga mteremko hudhani ulemavu umekwisha. Lakini rafiki yangu asiyeona anapanda ngazi kwa urahisi kuliko mimi ninavyopanda kitanda. Yeye kinachomsumbua ni kadi ya mlango isiyo na alama ya kuonyesha upande, lifti ya kugusa kioo isiyo na vitufe wala nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole), na chupa mbili zinazofanana, moja shampuu na nyingine mafuta ya mwili. Hufunga mpira wa pesa kwenye moja. Anachotaka ni kuzungushwa mara moja anapofika: kuanzia mlangoni, mkono wa kushoto kabati, mbele kitanda, soketi hapa, dirisha pale, mlango wa dharura ni wa tatu kulia. Baada ya hapo kila kitu kibaki kilipo. Anayemwibia uhuru wake ni mfanya usafi anayekuja saa nne asubuhi na kwa moyo safi kabisa anapanga upya vitu vyake “vizuri”.

Mezani kuna utaratibu wa kumweleza asiyeona sahani kwa mfano wa saa: wali uko saa fulani, samaki saa fulani. Waliotunga utaratibu huu hawakuwa Waswahili. Saa tatu yetu mshale mfupi umelala kwenye 9, mkono wa kushoto. Anayefuata namba ataitafuta kulia. Kubalianeni kwanza ni saa ya nani, hasa kama samaki ana miiba.

Kiziwi yeye anaonekana hana shida yoyote mpaka usiku. Simu ya mapokezi kwake ni pambo. Mhudumu hubisha hodi, hasikii jibu, huingia na kumkuta anaoga. King’ora cha moto kikilia, hoteli nzima itakuwa barabarani yeye amelala. Kuna taa za kumulika na vifaa vya kutikisa mto vilivyotengenezwa kwa hilo, lakini hata pasipokuwa navyo, hoteli inaweza kuwasiliana naye kwa WhatsApp, na mlinzi wa zamu akajua chumba chake na akawa na ufunguo wa akiba. Wanaotaka kuona namna viziwi na wanaosikia wanavyoweza kuhudumiana wasiende mbali: kituo cha Neema Crafts cha Iringa, kilichoanza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu waliokuwa wakitengeneza karatasi, zikiwemo za mavi ya tembo, kimejulikana kwa mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Unaandika unachotaka, au unajifunza ishara ukiwa unasubiri. Hapo anayehitaji kusaidiwa kuwasiliana ni wewe.

Sheria zipo

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Ibara ya 9 inazungumzia kufikika kwa majengo, usafiri na habari, na ibara ya 30 inataja hata maeneo ya utalii. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Zanzibar ilitangulia na sheria yake mwaka 2006, na hapa wengi huchanganya: hoteli ya Nungwi haiulizwi kwa sheria ya Bara. Kenya ina ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana, ilikuwa na sheria ya 2003, na mwaka 2025 ikapata mpya. Umoja wa Afrika nao una itifaki yake, iliyopitishwa 2018 na kuanza kutumika 2024.

Kwa hiyo atakayekwambia hakuna sheria, mwambie zimejaa kabati. Mgeni anayeshika simu anakosa kitu kidogo zaidi: wajibu wa hoteli kusema ina nini. Marekani sheria yao ni ya 1990, lakini sehemu inayonivutia ilianza kutumika Machi 2012. Hoteli inatakiwa ieleze vyumba vyake kwa undani unaotosha mgeni aamue mwenyewe kama vinamfaa, ivizuie visiuzwe ovyo kwa wengine wakati vyumba vingine vya aina hiyo bado vipo, na chumba ulichoahidiwa ndicho upewe. Hoteli ya vyumba 60 inatakiwa iwe na visivyopungua 4 vya mtu wa kitimwendo, kimoja kati yake kikiwa na bafu la kuingia moja kwa moja na kiti. Ndugu zetu wa Houston na Minneapolis wakirudi likizo na wazazi wanaotumia vitimwendo hushtuka hapa: huko wamezoea kuuliza, na jibu likawa na namba.

Majengo ya kale nayataja kwa haraka. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na sidai mtu abomoe mlango wa nakshi ili mimi nipite. Pale kizingiti kirefu na ngazi kali ndiyo nyumba yenyewe. Nadai tu mwenye hoteli aseme hivyo kabla sijalipa. Nyota nazo zisikuhadae; nimelala nyota nne nikaoga kwa kitambaa, nikalala kwa masista nikaoga kama binadamu.

Namna ya kuuliza

Swali la “je, panafaa?” nimeliacha. Siku hizi nahoji kwa namba na picha. Naomba video moja isiyokatwa, kuanzia getini hadi kwenye kiti cha choo, mpigaji akitembea polepole na kuonyesha chini. Dakika mbili. Video hiyo haina adabu ya uongo: ngazi inaonekana, kizingiti kinaonekana, na ndoo iliyofichwa nyuma ya mlango nayo inaonekana.

Upana wa mlango wa bafu naomba upimwe mlango ukiwa wazi, kutoka ubao hadi fremu. Hapo huambiwa hawana futi. Lakini hakuna mapokezi yasiyo na karatasi za A4. Karatasi hiyo ina urefu wa sm 29.7 na upana wa 21. Laza mbili kwa urefu na moja kwa upana zikigusana: ni sm 80 na ushei, mlango mzuri. Zikienea tatu kwa upana tu, hiyo ni 63, mimi sipiti. Wahudumu hulifurahia zoezi hili kuliko nilivyotegemea. Wengine hunitumia picha za milango ambayo sikuiuliza.

Baada ya hapo nauliza kimo cha kitanda, nauliza chai inanywewa wapi, nauliza jenereta, na namwomba anayejibu aandike, kwa sababu anayejibu Jumatatu si aliyeko zamu Ijumaa.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi Tanga. Hoteli ndogo, haina nyota hata moja. Meneja alinijibu hivi: “Mlango wa bafu karatasi tatu za upana tu, dada. Haufiki. Lakini nikiung’oa unafika.” Nilipofika, mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani koridoni, na penye fremu pamefungwa pazia la maua. Ngazi ya nje ilikuwa moja, na mteremko wake mrefu, umepigwa zege la juzi. Vyuma vya kushikilia havikuwepo, aliniambia mapema, nikaja na kamba yangu.

Jioni ile nilikunywa maji ya madafu mawili na chai ya tangawizi. Saa nane usiku niliamka, nikasukuma pazia, nikaenda chooni, nikarudi kulala. Asubuhi mlinzi aliniuliza kama nililala vizuri.